Wimbo wa Mlangoni

Mwongozaji alipoingia chumba cha mazoezi na kutangaza kwamba Chiriku amerudi, Mtunzi alikuwa anachonga penseli. Aliendelea kuchonga. Alipomaliza aliipuliza ncha, akaiweka juu ya piano, ndipo akauliza:

"Amerudi wapi?"

"Mjini, dada yangu. Yuko hapo chini, anasalimiana na mlinzi."

"Haya."

Mwongozaji akamkodolea macho. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kufukuza mbwa na moyo wa kifaranga, na tangu asubuhi alikuwa akijipanga namna ya kuifikisha habari hiyo.

"Haya tu? Mimi nimepanda ngazi zote hizi nikijiandaa kukwepa kiti!"

"Kiti kina kosa gani?"

Hakuna aliyefanya kazi katika jumba lile la maonyesho asiyejua habari ya Mtunzi na Chiriku. Walipendana hadharani, kwa vicheko na ugomvi, miaka ile Chiriku alipokuwa na sauti nyembamba ya juu iliyompa jina lake, sauti iliyopanda mpaka ukadhani itatoboa dari. Mtunzi alikuwa akiandika opera yake ya kwanza, na kila mstari wa mwanamume aliuandikia koo lile. Harusi ikapangwa. Kadi zikagawiwa, gauni likawa kwa fundi. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Chiriku akapata nafasi ya kuimba ng'ambo, nafasi ambayo, alisema, humjia mtu mara moja tu. Akaapa atarudi baada ya mwaka. Mwanzoni alipiga simu kila siku, kisha kila Jumapili, kisha simu zikawa kama mvua inayokatika, tone hapa, tone pale, mpaka kukakauka kabisa.

Mtunzi alilia, akalia, halafu asubuhi moja akaacha. Watu wakasema amepona. Hakupona, alikufa ganzi. Mguu uliokufa ganzi unaweza kuukanyagia na ukakubeba, ila hujui umekanyaga nini. Ndivyo alivyoishi: alikula, alifundisha watoto piano, alicheka mahali pa kucheka. Na mama yake alipomletea habari za daktari wa meno, mtu mpole, mwenye heshima zake, anayetafuta mke, alijibu "sawa, mama" kama mtu aliyeulizwa kama aongezewe chai. Wazee wa daktari walikuwa wanakuja Jumapili kupanga siku.

"Sikiliza," Mwongozaji alisema, akivuta kiti na kukikalia kwa uangalifu. "Mwimbaji wetu ana matubwitubwi. Mashavu yamemvimba kama puto, hata kumeza mate hawezi. Ijumaa ijayo pazia linafunguliwa. Anayeijua sehemu hiyo yote kwa kichwa ni mtu mmoja tu chini ya jua."

"Aje."

"Huna neno?"

"Sina."

"Ila kuna jambo." Mwongozaji alijikuna shingo. "Sauti yake... Basi, utasikia mwenyewe. Nadhani itabidi onyesho la mwisho ulitengeneze upya."

Mtunzi aliinamisha kichwa. Kwa kweli onyesho lile la mwisho alikuwa akijaribu kulitengeneza upya kwa miezi mingi. Opera yake ilimhusu mwanamke ambaye mumewe alikwenda kutafuta maisha, akamngoja hadi watu wakamwona kichaa. Mwishoni mume anarudi, anabisha hodi, mke anamkimbilia, nao wanaimba pamoja wimbo mrefu unaopanda na kupanda. Aliuandika akiwa amevaa pete ya uchumba. Siku hizi alipoucheza ilikuwa kama kusoma tangazo la biashara. Alifuta, akaandika, akafuta. Karatasi ilikuwa imetoboka.

Chiriku alibisha hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Alikuwa amekonda, na nywele za kandoni zimeanza kuota mvi. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akimtazama Mtunzi kwa macho yale yale makubwa ambayo zamani yalikuwa yakimfanya asahau alichotaka kusema. Mtunzi alijitazama kwa ndani, kama anayechungulia kisima. Hakuona kitu.

"Karibu," alisema. "Simama karibu na piano. Tuanzie kwenye hodi."

"Hujambo, Kinanda?"

Hilo lilikuwa jina lake la nyumbani. Alipewa utotoni kwa tabia ya kupiga meza kwa vidole wakati wa kula.

"Sijambo. Niite Mtunzi, kama wengine. Tuanzie kwenye hodi."

Sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoijua. Ilikuwa nzito, ina mchanga ndani yake. Mstari wa kwanza ulikwenda, wa pili ukajikokota. Ulipofika mlima wa mwisho, pale noti inapotakiwa ishikwe mpaka watu wasimame kwenye viti, Chiriku alifumba macho, akafungua kinywa, na sauti ikapasuka katikati kama kitambaa.

Vidole vya Mtunzi vikatulia juu ya piano. Mwongozaji akakohoa, akasema anakwenda kutafuta chai, akatoka akiwa amesahau kuuliza nani anakunywa.

"Nilipasuliwa koo," alisema Chiriku. "Kulikuwa na uvimbe. Waliniambia nishukuru kwamba ninaongea."

"Unafika wapi sasa?"

"Sijui vizuri. Sijajaribu mbele ya mtu."

"Jaribu."

Akabonyeza noti ya chini. Chiriku akaiimba. Akapanda moja. "Hapa?" "Hapa." Akapanda tena. "Na hapa?" "Napo." Wakapanda hivyo taratibu, kama watu wawili wanaopima uwanja wa nyumba iliyoungua kuona ni ukuta upi uliosalia. Mtunzi hakumtazama usoni. Alitazama kola ya shati lake, na juu yake kovu dogo lililokuwa likipanda na kushuka. Mwishowe Chiriku alitikisa kichwa.

"Basi. Hapo ndipo ninapoishia."

Mtunzi akaweka alama kwa penseli. "Ilikuwa lini?"

"Mwaka wa pili tangu niondoke."

"Nani alikuuguza?"

"Mwenye nyumba. Mama mmoja mkali, Mungu ambariki."

"Mbona hukupiga simu?"

"Sauti haikuwepo."

Lilikuwa jibu la kuchekesha, na la kweli, lakini hakuna aliyecheka.

"Ungeandika ujumbe."

"Ningeandika nini, Kinanda? Kwamba nilikuacha kwa ajili ya sauti, na sasa sauti nayo imeniacha?" Akaigeuza kofia mikononi. "Niliona haya. Haya ikazaa haya nyingine. Kila mwezi uliopita ulifanya mwezi unaofuata kuwa mgumu zaidi."

Mtunzi aliyasikia maneno yale yote, akayaelewa, akasubiri moyo useme kitu. Moyo ulinyamaza kama chumba cha mpangaji aliyehama bila kuaga. Alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa muda mrefu, akiwaza jinsi atakavyompiga, au atakavyomwangukia kifuani. Sasa yamefika, na yeye anafikiria kwamba kibonyezo kimoja cha piano kinakwama.

"Sawa," alisema. "Tutashusha kila kitu."

Hapo ndipo mama yake alipoingia.

Mama alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mdogo wa umbo aliyetembea kama anakwenda kuzima moto. Alikuja kumchukua binti yake waende kwa fundi kupima gauni jipya la harusi, na mkoba wake ulikuwa umening'inia kwenye kiwiko tayari kwa safari. Alipomwona aliyesimama karibu na piano, mkoba ukateleza hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Shikamoo, mama," alisema Chiriku.

Mama hakuitikia. Salamu ile ikabaki hewani, haina pa kutua.

"Huyu anatafuta nini hapa?"

"Kazi, mama," alisema Mtunzi. "Mwimbaji wetu anaumwa."

"Mji mzima huu una mwanamume mmoja tu anayeweza kufungua kinywa?" Akamgeukia Chiriku. "Wewe kijana, ulimwacha mwanangu kwenye mataa, kadi ziko mikononi mwa watu. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiomba radhi kama niliyeiba. Lakini hilo nimekusamehe. Aibu ni nguo, inafuliwa. Nisilokusamehe ni jingine."

"Niambie, mama."

"Usiniite mama." Sauti yake ikashuka. "Nimeuguza watu maisha yangu yote, sijaona mgonjwa kama uliyeniachia. Nilimwogesha huyu. Mtu mzima, nilimwogesha kama mtoto mchanga, nikamvalisha viatu, nikamkalisha mbele ya piano, akawa anaitazama tu. Hujui hayo."

"Sikujua," alisema Chiriku. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Ungejuaje? Ulikuwa unaimba."

Mtunzi aliwasikiliza kama anayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukuta. Alikumbuka viatu. Vilikuwa vya kahawia. Alikumbuka mama amepiga magoti akifunga kamba, na utosi wake mweupe wa mvi. Kabla ya hapo hakuwa na mvi nyingi hivyo, au labda hakuwahi kutazama.

Chiriku alimgeukia mama. Kisha akasema polepole, kwa sauti yake mpya yenye mchanga: "Sikuja kuomba kuingia. Mlango huo niliufunga mwenyewe, na nilipoufunga sikutazama vidole vya nani vimebaki pale. Nimekuja kusimama nje tu. Mnione. Mkitaka kunifukuza, mnifukuze nikiwapo."

Mtunzi aliokota penseli. Akaigeuza karatasi iliyotoboka, akaanza kuandika upande wa nyuma, haraka, kichwa kimeinama.

"Unaandika nini na mimi naongea?" mama alifoka.

"Endelea, mama, nakusikia."

"Kinanda! Mimi siyo wimbo wako!"

"Najua. Endelea. Ulisema aibu ni nguo."

Mama akageuka kuelekea mlangoni. Akaupandisha mkoba kiwikoni. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema mlangoni, "isipokuwa binti yangu, yeye anauandikia unyasi muziki. Nakungoja kwa fundi. Ukichelewa, hilo gauni nitalivaa mimi!"

Hawakuzungumza tena mambo yao kwa muda mrefu. Walifanya kazi. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Mtunzi aliuvunja wimbo mrefu wa mwisho vipande vipande, akatupa violini zote, akatupa ngoma, akabakiza fidla moja kubwa ya sauti nene ilie peke yake. Katika onyesho jipya mume alibisha hodi, na mke hakukimbia. Alibaki ndani, mkono kwenye komeo, akauliza kwa noti mbili kavu:

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ni wengi."

Na mume, kwa ile sauti iliyoishia katikati, akaanza kujieleza yeye ni yupi. Hakujitetea. Alitaja tu mambo madogo madogo: ni yule aliyekuwa akiacha taa inawaka, ni yule aliyesema mwaka mmoja. Chiriku aliimba, Mtunzi akaimba sehemu ya mke kwa sauti yake ndogo ya bafuni, kama alivyozoea kuiita. Sauti hizo mbili zilikaribiana kwenye kile kimo cha chini kiasi kwamba mara nyingine hukujua ipi ni ya nani.

Walipofika mwisho wa ukurasa Chiriku aliuliza, "Halafu? Anafungua?"

"Sijui."

"Mtunzi ni wewe."

"Na bado sijui."

Chiriku alikuwa amemwinamia begani ili kusoma karatasi. Mtunzi aliisikia pumzi yake. Aligeuka, na nyuso zao zikawa karibu kuliko walivyokusudia. Macho ya Chiriku yalishuka hadi midomoni mwake, yakapanda tena, yakaomba. Hakusogea. Mtunzi naye hakusogea. Alimtazama tu, bila haraka, kama mtu anayetafuta kwenye picha ya zamani mahali alipokuwa amesimama.

"Mlinzi amenidokeza. Utaolewa na daktari?" Chiriku alinong'ona.

"Nilishasema ndiyo."

"Unampenda?"

"Sijui kama nampenda mtu." Alisogea nyuma, akazipanga karatasi. "Nikuambie ukweli? Sikuchukii. Ningekuchukia ningefurahi, angalau ningejua pa kuanzia. Wala sikupendi. Nikipapasa ndani naona baridi tu, kama sakafu."

"Nitangoja."

"Usiahidi, Chiriku. Ahadi zako nimeshazitungia muziki, nimeshazifuta. Ukitaka kungoja, ngoja. Mimi hakuna aliyeniambia ngoja wala usingoje."

Akachukua mkoba wake. Lakini hakwenda kwa fundi.

Zahanati ya meno ilikuwa inafungwa. Daktari alikuwa peke yake, akivua glavu, na alipomwona uso wake wote ulitabasamu, mpaka akauona uso wa Mtunzi.

"Wazee wasije Jumapili," alisema Mtunzi. Alibaki amesimama; kiti pekee kilichokuwa wazi kilikuwa kile cha wagonjwa. "Nilikuambia ndiyo wakati sisikii kitu. Wewe unajua. Mtu ukimchoma sindano ya ganzi humwulizi kama inauma, maana jibu lake halina maana."

Daktari alisukuma droo ya vifaa, akaivuta, akaisukuma tena. "Kuna mwingine?"

"Yuko aliyerudi. Ila sikuachi ili nimwendee yeye. Ningekuja kwako nimekufa, ukaishi na mimi miaka yote ukijiuliza kosa lako ni nini. Na huna kosa. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Kama ungeniacha nijaribu..." Hakumaliza. Alivua miwani, akaifuta kwa koti muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Asante kwa kuniambia kabla wazee hawajafunga safari. Wengi wangengoja mpaka ukumbini." Kisha, kwa sababu alikuwa mtu mwema, akamsindikiza hadi nje na kumwonyesha mahali ngazi ilipovunjika asije akajikwaa.

Mama alimnunia. Nyumba ile ikawa ya vikombe na vijiko, maneno yalikoma. Chakula kilipakuliwa, mlango wa jikoni ukafungwa. Siku ya tatu alisema, "Mtu umeshikwa mkono unavushwa, unarudi mtoni kuchota maji," akanyamaza tena. Mtunzi hakubishana. Alikwenda mazoezini, akarudi. Chiriku alifika kila asubuhi kabla ya wote, akaimba alichoandikiwa, akaondoka. Hakumngoja getini, hakumletea maua. Mara moja tu alimwambia, "Pale kwenye 'mimi ni wengi', mwambie dada asiimbe kwa hasira. Wewe hukuwa na hasira." Mtunzi alikwenda akamwambia mwimbaji wa kike, na kweli ikawa bora.

Siku ya mazoezi ya mwisho, yale ya mavazi na taa, Mtunzi alikaa safu ya nyuma kabisa gizani. Muziki ulikuwa umeshaanza aliposikia mtu anasukumana na viti, anamwomba radhi kila mtu, na kuketi kando yake huku anahema. Ilikuwa harufu ya mama.

"Nimekuja kuona kilichomshinda daktari," mama alinong'ona.

Wakatazama. Onyesho la mwisho lilipoingia, jukwaani palikuwa na mlango mmoja tu wa mbao, mwanamke upande huu, mwanamume upande ule. Fidla kubwa ikaanza kuunguruma. Hodi. Nani? Mimi. Mimi ni wengi. Chiriku akaimba, na sauti yake haikutoboa dari. Ilitambaa sakafuni, ikapita chini ya mlango. Alipotaja mambo yale madogo madogo, mwanamke aliweka paji la uso kwenye ubao. Mkono wake ukaligusa komeo. Haukulivuta. Fidla ikanyamaza, taa zikafifia taratibu, nao wakabaki hivyo, kila mmoja upande wake.

Mwongozaji, safu ya mbele, alipenga kamasi kwa kishindo.

Mtunzi alihisi kiti kinatikisika. Mama alikuwa analia, mkoba ameukumbatia kifuani, mabega yakipanda na kushuka.

"Huyo mwanamke wako," alisema alipopata pumzi, "kwa nini hafungui?"

"Anafikiri, mama."

Mama akafikiri naye. "Mwache afikiri. Asiharakishwe na mtu." Akajifuta kwa kiganja. "Hata na mimi."

Kitu kikamtoka Mtunzi. Alidhani ni kicheko, na kilianza kama kicheko, lakini njiani kikabadilika, na alipoigusa shingo yake kola ilikuwa imelowa. Alikaa akijishangaa. Mama akamwona, akajifanya hakuona. Akamshika goti, akalibana kwa nguvu kama alivyokuwa akiwabana wagonjwa wanaopigwa sindano.

Taa za ukumbi zikawashwa. Waimbaji walitawanyika, wakacheka, wakavua viatu vilivyowabana. Chiriku peke yake alibaki karibu na mlango wa mbao, mikono pembeni, akitazama kule nyuma.

"Na mtu mwenye kovu lile kooni asimame chini ya feni?" mama alisema ghafla, kwa ukali. "Nani anamwangalia yule? Kamwambie atoke hapo."

"Mwambie mwenyewe, mama."

"Mimi bado siongei naye. Nenda."

Mtunzi akainuka. Akashika mgongo wa kiti cha mbele, kisha cha mbele yake, akashuka hivyo kati ya safu, machozi yakimtiririka mbele za watu naye hayafuti. Chiriku alimwona akija. Mwili wake wote uliegemea mbele, lakini miguu aliizuia. Hakumfuata. Alisimama palepale akamngoja afike mwenyewe, kwa mwendo wake.